Yosefina wa Soga na Wimbo Uliomtaja

Mtu akitaka kunipandisha presha siku ya Jumamosi, na aniulize wimbo gani wa Mwendapole Jazz ulikuwa na nguvu kuliko zote. Presha ninayo kweli, na vidonge vyake viko kwenye pochi. Mwaka huu redio moja ya pale Maili Moja, Kibaha, ililifanya swali hilo kuwa mjadala wa Jumamosi tatu mfululizo: watu wapige simu, wabishane, halafu Jumamosi ya tatu wapige kura. Basi kijiji chetu kizima cha Soga kikawa hakina kazi nyingine.

Kwa asiyeijua, Mwendapole Jazz ilikuwa bendi ya dansi ya huku kwetu Pwani. Ilianza na magitaa ya kuazima, ikaja kusikika redioni mpaka Kigoma. Nyimbo zake zilizobaki midomoni mwa watu ni tatu. Kuna "Zamu ya Usiku", wa wafanyakazi wa viwandani, ambao wajuzi wanasema ndio uliofundisha magitaa mawili kujibizana, bendi nyingine zote zikaiga. Kuna "Mjomba Kaja na Lori", uliokuja na uchezaji wa kuinama na kuinuka, ukawaacha watu na maumivu ya kiuno. Na kuna "Yosefina wa Soga".

Mimi naitwa Anifa. Nina banda la chakula karibu na stesheni mpya ya treni ya umeme, na mwenzangu katika banda hilo, mwaka wa tisa sasa, ni Yosefina. Ndiye huyohuyo wa kwenye wimbo. Abiria wanaoshuka kula wali maharage hawajui kwamba anayewapakulia ndiye waliyekuwa wakimwimba tangu utotoni. Wenyeji wanajua, na wamezoea, na hilo la kuzoea ndilo linaloniudhi zaidi.

"Bi Anifa, ukweli usemwe," Zubeir aliniambia Jumamosi ya kwanza. Zubeir ni fundi pikipiki, kibanda chake kinagusana na chetu, na redio yake haina adabu. "Mambo ya magitaa sawa, ya kucheza sawa. Lakini wimbo ulioibadilisha nchi ni 'Yosefina'. Ule uliwanyoosha kina mama. Mwanamke alikuwa akitaka kumtupa mtoto kwa bibi, anaukumbuka, anatulia."

Alisema hivyo Yosefina akiwa hatua nne tu kutoka kwake, anachambua mchele. Nilimwambia kwamba wanaume waliokimbia watoto wao hapa Soga wangetungiwa wimbo mmoja mmoja, redio ingekosa muda wa taarifa ya habari. Alicheka. Yosefina hakuinua kichwa.

Wimbo wenyewe hauna mzunguko. Yosefina wa Soga kamwacha mtoto kwa bibi yake, kamfuata mwanaume mwenye gari, yuko mbali anakula raha, mtoto analia mlangoni. "Yosefina wa Soga, mwanao anakuulizia," kiitikio kinarudi mara nane. Nitasema la kweli, kwa kuwa nimeamua kusema yote: mimi mwenyewe niliucheza. Nilikuwa msichana, sikumjua Yosefina, na kila kilipofika kiitikio nilipiga vigelegele.

Yosefina alizaliwa hapahapa, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli ya zamani, familia ya Kikatoliki, baba yake akiwa mkata nyasi za njia. Akiwa na miaka kumi na minane alimzaa Consolata na kibarua mmoja wa genge la reli. Genge likahamishwa, kibarua akahama nalo, habari yake ikaishia hapo. Consolata alipofikisha miaka miwili, Yosefina akatoweka Soga kwa zaidi ya mwaka. Mama yake akawa anawaambia majirani, "Kasafiri." Kasafiri wapi, hasemi. Na katikati ya ukimya huo wimbo ukatoka redioni, na jina, na kijiji, na mtoto, na bibi. Watu wangefikiri nini?

Siku aliyorudi, vijana walimsindikiza kutoka stesheni mpaka kwao wakimwimbia. Mtoto alijificha nyuma ya kanga ya bibi yake, akagoma kutoka. Shuleni wakamwita Mtoto wa Wimbo. Mama na mwana waliishi vivyo hivyo, wakipeana chumvi na salamu, mpaka Consolata akawa mwalimu, akapata mchumba. Siku ya harusi, pale ukumbini Kibaha, mshereheshaji ambaye hakujua lolote akatangaza, "Sasa tunamwomba mama mzazi wa bibi harusi aje mbele akicheza!" Na aliyekuwa kwenye mitambo akaubandika wimbo huo. Ukumbi mzima uliinuka kwa furaha. Yosefina akabaki amesimama katikati, hajui aende wapi.

Usiku huo Consolata alimwuliza swali moja. "Mama, niambie ni uongo. Sema tu ni uongo, nitakuamini."

Yosefina akanyamaza. Nilikuwepo, nikishika shela la binti, na sikuelewa kwa nini mtu anyamaze kwa swali jepesi namna ile. Tangu siku hiyo hawajaongea, mwaka wa kumi na moja. Consolata ana watoto watatu sasa, anaishi Picha ya Ndege, hapo Kibaha. Mimi nikipiga simu anapokea. Mjukuu wa mwisho, Yosefina amemwona kwenye simu yangu tu, picha moja, kavaa sare za chekechea.

Jioni ya Jumamosi ile ya kwanza tulikuwa tunaosha masufuria, akaniambia bila kunitazama, "Mwenzangu, yule Mzee Kondo bado yu hai."

Kondo ndiye aliyeutunga wimbo na kuuimba. Katika wale wanamuziki kumi na mmoja amebaki yeye peke yake.

"Akisema kwa mdomo wake redioni kwamba Yosefina yule si mimi, Consolata atasikia. Uliniambia huwa anafua Jumamosi na redio hiyo iko wazi." Aliendelea kusugua sufuria lililokwisha kutakata. "Hii ndiyo nafasi iliyobaki. Nikifa hajasikia, wataniimbia hata siku ya kunizika, na yeye atakuwa amekaa palepale anasikiliza."

Nilitaka kumwambia asiseme hivyo, lakini niliuona mwili wake. Tangu redio ianze kuutangaza mjadala huo, mwezi uliopita, alikuwa hali chakula. Magauni yalikuwa yanamning'inia.

Jumanne tulifunga banda tukaenda Kisarawe. Kondo anaishi Masaki. Si ile ya Dar ya wenye uwezo, ni Masaki yetu ya Kisarawe, ya mihogo na mikorosho. Tulimkuta barazani, mzee wa miaka sabini na minane, miguu imevimba, kavaa kofia ya kiua safi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumchana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Mmetoka wapi?"

Nikamwambia tumetoka Soga, na huyu ndiye Yosefina. Nilitegemea ashtuke, aombe radhi. Yule mzee alishika fimbo akataka kusimama, akashindwa, akamwita kwa mikono miwili.

"Yosefina! Yosefina wa barua! Mwanangu we, mimi nimekula kwa ajili yako. Nyumba hii ni wewe. Nimekutafuta nikushukuru, bendi ikafa, nikakosa njia."

"Barua gani?" niliuliza.

Hapo Yosefina aliinamisha kichwa, nami nikajua kuna jambo. Miaka ile, kama mnakumbuka, watu walikuwa wakituma kadi za salamu redioni, na wapenzi wa bendi waliandikia bendi moja kwa moja, wakiomba watajwe. Ukitajwa jina kwenye wimbo, hata katikati ya gitaa, mtaa wako wote unatamba. Mwendapole walikuwa wakipokea barua hizo kwa mafurushi. Hii moja mzee aliijua kwa moyo. Aliisoma huku amefumba macho.

"'Mimi ni Yosefina wa Soga. Nimemwacha mwanangu wa miaka miwili kwa mama yangu. Niko mbali. Kila siku najua ananiulizia. Naomba mnitaje kwenye wimbo wenu, ili mwanangu asikie jina langu.' Basi. Karatasi ya daftari, kwa penseli. Haikusema uko wapi, haikusema kwa nini. Nilikaa nayo wiki nzima. Kila kitu kwenye wimbo ni chako, mwanangu. Mimi niliongeza gari tu. Miaka ile wimbo wa mapenzi usiokuwa na gari haukuchezeka."

Nilimgeukia Yosefina. Hasira niliyokuwa nimembebea mzee wa watu ikahama yote. "Uliomba mwenyewe? Miaka yote hii nagombana na watu kwa ajili yako, na uliomba mwenyewe?"

"Nilikuwa namwomba Mungu mzee awe ameisahau," alisema.

Ndipo akatueleza, pale barazani, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe mtoto wake. Alikuwa na kifua kikuu. Alianza kukohoa damu Consolata akiwa bado ananyonya. Mama yake alimpeleka mbali, hospitali ya kifua ya mikoa ya juu, akamwapisha asimwambie mtu, kwa sababu nyumba yenye kifua kikuu wakati ule ilikuwa imekwisha: kikombe chako kinatengwa, kisima unakatazwa, watoto hawaolewi. Mama alisema, "Afadhali waseme umesafiri." Alilala kitandani kule zaidi ya mwaka. Muuguzi mmoja alikuwa na redio dirishani. Yosefina aliomba karatasi akaiandikia bendi, na kwa kuogopa neno lile akaandika tu, niko mbali.

"Siku wimbo ulipopigwa mara ya kwanza," alisema, "wodi nzima walinipigia makofi. Nililia kwa furaha mpaka nikakohoa. Nilisikia jina langu tu. Maneno mengine niliyasikia siku ya pili."

Mzee Kondo alivua kofia, akaishika mapajani, akawa anaitazama. Alisema gari lile lingekuwa ambulensi kama angejua. Kisha aliahidi kwamba Jumamosi ya tatu, hata kwa kubebwa, atakwenda Maili Moja kusema ukweli wa barua, na kusema kwamba mwanaume mwenye gari hakuwahi kuwepo. "Lakini siwezi kusema si wewe," alimwambia Yosefina. "Ni wewe."

Siku zilizobaki nilimsihi mara mbili aende kwanza Picha ya Ndege. Ukishaujua ukweli wenyewe, nilimwambia, redio ya nini? Akakataa. Alisema Consolata hatafungua mlango, na akifungua hatamwamini yeye, atamwamini mzee. "Mwongo akijitetea ni mwongo tu. Lazima asikie kwa mtu mwingine." Niliona ana haki, nami sikusisitiza. Hilo ni kosa langu, na nimeliandika hapa makusudi.

Jumamosi ya tatu, saa nne asubuhi, tulikuwa studio. Ni chumba kidogo kilichobandikwa matrei ya mayai ukutani. Mtangazaji, Tito, kijana mchangamfu asiyezidi miaka thelathini, alipoambiwa aliyekaa mbele yake ni Yosefina mwenyewe, karibu aangushe maikrofoni. Alitangaza mara tatu kabla hajatuuliza hata tunaendeleaje. Simu zikaanza kulia papo hapo.

Mzee Kondo alisema vizuri. Alisema barua ilikuja, alisema gari alilitia yeye, alisema amemwonea binti wa watu miaka arobaini bila kujua. Tito akauliza kama utunzi wa gari ndio uliofanya wimbo upendwe. Nilimkata jicho.

Kisha maikrofoni ikasogezwa kwa Yosefina. Nilidhani atashindwa. Huyu ni mwanamke ambaye mteja akimwuliza kama maharage yapo anajibu kwa kichwa. Lakini alikamata ile maikrofoni kwa mikono miwili na maneno yakamtoka yamenyooka: reli, genge, damu kwenye kitambaa, mama yake, muuguzi, penseli, wodi. Alikitaja kifua kikuu kwa jina lake mara tano. Dakika ishirini nzima. Tito aliacha kumkatiza. Alipomaliza alisema, "Mwanangu Consolata, kama unanisikia, sikuwa na raha yoyote kule. Sikumfuata mtu."

Nilikuwa nalia, Tito alikuwa analia, mzee ndiyo usiseme. Nikafikiri, basi, yameisha.

Tito akafungua simu. Wa kwanza kupita alikuwa Zubeir, nikaitambua sauti kabla hajajitaja. "Shikamoo mama Yosefina! Hapa Soga tumelia wote. Pole sana, mama. Sasa ndiyo tumehakikisha, hakuna wimbo kama ule! Kura yangu ileile!" Aliyefuata, mama mmoja wa Mlandizi, naye hivyohivyo. Na wa Ruvu. Kila aliyepiga alitoa pole, kisha akapiga kura. Saa tano "Yosefina wa Soga" ulitangazwa mshindi kwa kura nyingi ambazo Tito alisema hajawahi kuziona, na kwa heshima ya mama yetu aliye hapa studio, akauweka hewani. Wote. Na gari lake ndani.

Yosefina alikaa akausikiliza mpaka mwisho, macho kwenye simu yangu iliyokuwa mezani. Consolata hakupiga.

Kutoka Maili Moja mpaka Picha ya Ndege si mbali. Tulimwacha mzee na wajukuu zake waliomleta, tukachukua bodaboda mbili. Consolata alikuwa uani, nguo nusu zimeanikwa, nusu bado ndani ya beseni. Redio ilikuwa juu ya kigoda, imezimwa. Watoto hawakuwepo, nadhani aliwatuma mahali.

"Shikamoo mama mdogo," aliniambia.

"Marahaba, mwanangu."

Akamgeukia mama yake. "Shikamoo." Yosefina alijaribu kuitika, haikusikika.

"Consolata," nikaanza mimi, "umesikia mwenyewe. Mama yako alikuwa mgonjwa, mwanangu, bibi yako alimwapisha, na yule mzee amekiri kwamba ..."

"Mama mdogo, naomba unyamaze." Alisema kwa heshima, na nikanyamaza.

Alifuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja. Ana miaka arobaini na mbili Consolata, nywele zimeanza mvi pembeni, na uso ni wa mama yake mtupu.

"Nimesikia yote," alimwambia. "Nimeamini yote. Usihangaike na kuaminiwa, mama, hilo limekwisha. Nilipokuwa na miaka miwili ulitaka kuniambia kitu, ukaiandikia bendi. Leo nina miaka arobaini na mbili, ukaenda kumwambia Tito. Zubeir fundi pikipiki amejua dakika moja na mimi. Mlandizi wamejua, Ruvu wamejua, wote wameshakupa pole. Mimi nimelelewa nyumba moja na wewe, mama. Nililala kitanda kimoja na wewe nikiugua surua. Usiku wa harusi yangu nilikuuliza kwa mdomo wangu, tukiwa wawili na mama mdogo tu. Nilikosa nini hata usiniambie mimi?"

Yosefina alisema, "Niliogopa."

"Najua uliogopa. Mimi sikuogopa? Nilikuwa naulizwa shuleni, gari la mama yako liko wapi."

Shati la mtoto kwenye kamba lilikuwa linadondosha maji kwenye mchanga. Nilitafuta neno la kumsaidia rafiki yangu, ninayo maneno mengi, kila mtu Soga anajua, na safari hii niliyameza. Nilirudi nyuma mpaka kwenye geti.

Consolata aliishusha redio kutoka kwenye kigoda, akakivuta kigoda karibu, akakaa, akamtazama mama yake aliyekuwa bado amesimama.

"Haya," alisema. "Niambie mimi. Kama vile sijasikia kwa mtu yeyote."

Yosefina alifungua mdomo. Yule mwanamke aliyeongea dakika ishirini mbele ya mkoa mzima bila kukwama alisimama mbele ya mtu mmoja, akahangaika na ncha ya mtandio, akaangalia chini, akaangalia kamba ya nguo.

"Nilikuwa nakohoa," alisema mwishowe, na sauti ikakatika hapo.

Consolata hakumsaidia. Alikaa palepale kwenye kigoda, mikono mapajani, akangoja.